Kwa Heshima, Napinga

Augusta Tregaskis alikuwa na ugomvi mmoja tu maishani, na aliutunza vizuri kuliko watu wengi wanavyotunza ndoa zao. Aligombana na Thorvald Hegstad, aliyekuwa jaji mwenzake katika mahakama ya juu ya jimbo la Montana. Kila Alhamisi wastaafu hawa wawili waliubeba ugomvi wao hadi mgahawa mmoja mjini Helena, wakaagiza supu na pai, wakaanza upya kana kwamba jana yake hawakuwa wamepigiana simu kuugombania.

Kila mmoja wao alikuwa na sheria yake. Kwa Hegstad, sheria ni maandishi. Bunge limeandika, jaji anasoma, basi. Jaji anayeanza kupima huruma mezani ni mwanasiasa aliyekosa kura. Kwa Augusta, sheria ni kile kinachompata mtu Jumanne asubuhi akigongewa mlango na askari. Maandishi alikuwa anayasoma, tena vizuri, ila alikuwa anamwangalia na yule aliyegongewa. Wataalamu wa nchi hiyo wamegombania jambo hilo hilo vizazi kwa vizazi, wakalijazia maktaba. Hawa wawili walilimaliza kwa kikombe cha kahawa, halafu Alhamisi iliyofuata likawa halijaisha.

Chanzo kilikuwa kodiani.

Zamani hizo, Augusta akiwa ndiye jaji mgeni kuliko wote, alikuwepo mzee mmoja jina lake Emil Pokorny, mpiga kodiani harusini, kile kinanda cha kifuani cha kuvuta na kusukuma. Serikali ya wilaya ilimkamata jamaa aliyeazima gari la Pokorny na kupakia pombe ya magendo humo, na katika kulichukua gari ikachukua na kodiani iliyokuwa kiti cha nyuma. Pokorny akaambiwa asiwe na wasiwasi, atasikilizwa. Lini? Novemba. Wakati huo ilikuwa ni Mei. Kesi ikapanda hadi kwa majaji saba wa jimbo, na sita wakasema hakuna kosa, sheria inataka mtu asikilizwe, haikutaja kwamba ni kabla au baada. Aliyeiandika hukumu ya hao sita alikuwa Hegstad. Wa saba alikuwa Augusta, naye akaandika ya kwake ya kupinga, peke yake.

Sasa, majaji wa nchi hiyo wana adabu yao. Jaji anayewapinga wenzake hufunga hukumu yake kwa maneno haya: "Kwa heshima, napinga." Ni kama kupeana mikono baada ya mieleka. Augusta siku ile aliandika "Napinga," akatia nukta, akaondoka zake. Mwenye macho aliona kilichokosekana, na Hegstad alikuwa na macho.

"Neno moja tu, Gus," alimlalamikia kila walipofika kwenye pai. "Ungepungukiwa nini?"

"Sikuwa nayo siku ile, Thorvald. Nikitafuta heshima, siioni. Nidanganye kwenye hukumu?"

"Nilikuwa mkubwa wako kazini!"

"Ndiyo maana ikawa shida kuipata."

Siku ile ile ya hukumu, ukumbini, Hegstad akiwa amefura kwa hasira, aliapa mbele ya makarani. Alisema siku mahakama kuu ya nchi ikiamua kwamba Augusta ndiye aliyekuwa sawa, yeye Hegstad atavaa joho lake, aende Washington kwenye ngazi za mahakama hiyo, aisome hukumu ya kupinga kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Augusta akamwambia atakuwepo kumshikia miwani.

Miaka ikapita, wakastaafu, wakazika wenzi wao. Halafu mwanamke mmoja wa Arkansas akanyang'anywa gari lake la kuuzia aiskrimu kwa kosa la shemeji yake, akaambiwa atasikilizwa majira ya baridi. Ukimnyima muuza aiskrimu gari lake hadi theluji idondoke, umemnyima nini tena? Mawakili wake wakakata rufaa, wakashindwa, wakakata tena, na mahakama kuu ikakubali kuisikiliza.

Ndiyo maana mwezi huu wa Juni, akiwa na miaka themanini na minne na nyonga ya chuma, Augusta alikuwa Washington, jikoni kwa mjukuu wake Imogen, amevaa suti ya bluu tangu alfajiri. Alilolitaka alilijua na alilisema bila haya. Alitaka kuisikia kesi ya kodiani ikitajwa mle ndani, na maneno yake yakisomwa kutoka kwenye meza ndefu ya majaji, kabla hajafa. Kushinda tu hakukumtosha. Alikulia kwenye hadithi ya jaji mmoja wa mahakama hiyo kuu, mzaliwa wa Kentucky, aliyepinga peke yake wenzake walipohalalisha mabehewa ya treni ya kutenga weupe na weusi, na karibu miaka sitini baadaye nchi nzima ikamfuata. Jaji anayepinga peke yake anawaandikia watu ambao hawajazaliwa. Hao watu sasa walishazaliwa, wengine wana mvi, na Augusta alitaka kujua kama barua imefika.

"Bibi, usinikasirikie," alisema Imogen, wakili, huku akisukuma sahani ya mayai pembeni. "Lakini tumeshindwa."

"Hawajasoma hata hukumu, wewe umeshashindwa?"

"Sikiliza. Kesi zote zilizosikilizwa mwezi mmoja na yetu wanagawana, kila jaji na yake. Wanane wameshaandika. Amebaki mmoja, na imebaki kesi moja. Yetu. Unajua nani hajaandika?"

"Nani?"

"Ostrander."

Augusta akaweka uma chini. Jaji Ostrander alikuwa anajulikana. Katika miaka yake yote pale hakuwahi kuiona wilaya, polisi wala bwana forodha aliyekosea. Walisema akikutana na taa nyekundu barabarani huishukuru.

Mjini Washington wapo watu wazima, wenye digrii na rehani za nyumba, wanaoishi kwa kupiga ramli ya namna hii, na Imogen alikuwa mmoja wao. Wanahesabu nani kaandika na nani bado, halafu wanakutangazia matokeo kabla ya majaji. Mara nyingi wanapatia, na hilo ndilo baya lao.

Kengele ya mlango ikalia. Hegstad akaingia, mrefu, amepinda kidogo juu, ana mfuko wa dobi begani.

"Nini hicho?" aliuliza Augusta, ingawa alijua.

"Joho. Limefuliwa, limepigwa pasi. Mnanyamaza nini, kuna msiba?"

"Ni Ostrander," Imogen akasema.

Hegstad akaketi polepole. Mtu angetegemea afurahi, maana Ostrander alikuwa mtu wa maandishi kama yeye. Akachukua mkate wa kuchoma wa Augusta, akaupaka siagi, akamrudishia.

"Kula, Gus. Mwisho uanguke na njaa mle ndani, waseme Montana hatulishi wazee wetu."

Mahakamani walipekuliwa mlangoni. Askari wa zamu alifungua mfuko wa dobi, akatazama joho, akamtazama Hegstad.

"Mzee, umekuja kuhukumu?"

"Nimekuja kuhukumiwa, mwanangu."

"Basi liache kabatini hadi utoke. Humo ndani wapo tisa, na wanatosha."

Wakapewa viti katikati ya ukumbi. Saa nne kamili nyundo ikagonga, watu wakasimama, mapazia mekundu yakafunguka na majaji tisa wakatokea kila mmoja kwenye kiti chake. Augusta alikuwa ameliona hilo mara kadhaa, na mara zote moyo wake ulifanya kile kile ulichofanya alipokuwa mwanafunzi. Safari hii ulikwenda kasi mno hata akashika mkono wa kiti, na alipotazama akakuta si mkono wa kiti, ni mkono wa Hegstad. Akauacha hapo hapo.

Pale hukumu hutangazwa kuanzia kwa jaji mdogo kazini kwenda kwa mkubwa. Jaji Lovelace, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alisoma kesi ya mabomba ya gesi, iliyosikilizwa mwezi mwingine, akaisoma kwa raha zake. Kisha Jaji Mkuu akasema kesi ya gari la aiskrimu itatangazwa na Jaji Ostrander.

Imogen akafumba macho. Ostrander akakohoa, akanywa maji, akaanza kwa sauti kama ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

"Katiba inasema mtu asinyang'anywe mali yake bila utaratibu wa haki. Wilaya inatuambia utaratibu umo, umekuja tu baadaye. Nimetafuta neno 'baadaye' katika Katiba. Silioni."

Imogen akafumbua jicho moja.

Ostrander akaendelea. Alipitia maandishi, akarudi kwenye maana ya maneno hayo siku yalipoandikwa, akashuka hadi sheria za Uingereza za zamani, kondoo waliokamatwa shambani kwa jirani na nini. Akatoka huko na jibu kwamba mwenye mali asikilizwe kwanza. Mama wa Arkansas arudishiwe gari. Ramli ya Imogen ilipatia mwandishi ikakosa hukumu, na huyo mwandishi, aliyedhaniwa yuko mfukoni mwa serikali, alikuwa amefika pale pale alipofika Augusta, kwa njia ya Hegstad!

"Mahakama kadhaa za majimbo zilikosea katika jambo hili," alimalizia Ostrander. "Ikiwemo ya Montana, katika kesi ya Pokorny, hukumu iliyoandikwa na Jaji Hegstad. Hukumu hiyo si sahihi leo, na haikuwa sahihi siku ilipotolewa."

Hegstad akaruka kitini nusu ya kimo chake.

"Kanitaja!" alinong'ona, kwa mnong'ono wa mtu asiyesikia vizuri, kwa hiyo ukumbi mzima ulifaidi. "Gus, umesikia? Kanitaja jina!"

"Anasema umekosea, mpumbavu wewe."

"Lakini kanitaja!"

Askari akawasogelea na kidole mdomoni. Imogen alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja ndani ya skafu yake.

Walipotoka, Imogen alikimbilia kuchukua nakala ya hukumu, wakaketi wote watatu kwenye benchi la marumaru nje ya ukumbi. Augusta akamwambia amtafutie Tregaskis. Imogen akapitia kurasa, akazirudia. Akapitia tanbihi, yale maandishi madogo ya chini ambako watu wadogo huwekwa. Hegstad alikuwemo mara tatu. Ostrander alikuwa amewataja wapingaji wengine, wa Ohio na wa Maine. Wa Montana hakuwemo. Yaelekea kijana fulani wa ofisini kwa Ostrander aliisoma hukumu ya Hegstad na kuishia ukurasa wake wa mwisho bila kufunua mbele.

"Hayumo, bibi," Imogen akasema taratibu.

"Tafuta Pokorny."

"Yumo, lakini kwa hukumu ya Hegstad. Samahani."

Iliuma. Augusta hakujidanganya kwamba haikuuma. Nchi nzima imekubali alichokisema, mama wa Arkansas atauza aiskrimu Julai, naye ameketi hapa, mwanamke mzima, anataka kulia kwa sababu hawakumtaja. Alijionea aibu, na aibu haikupunguza kitu.

"Basi twendeni nyumbani," alisema. "Miguu inawaka."

Hegstad alikuwa ameshasimama. Alikwenda kabatini, akarudi amevaa joho jeusi, kola imemkaa upande.

"Vua hilo, Thorvald. Hawakunitaja."

"Niliapa nini siku ile?"

"Nini tena?"

"Niliapa kusoma ukitajwa, au niliapa kusoma ukiwa sawa?"

"Nikiwa sawa," Augusta akakubali.

"Maandishi, Gus. Tuyafuate maandishi. Hukumu inasema nilikosea. Majibu yalikuwa mawili tu, langu na lako, kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa sawa. Nyanyuka."

Nje jua la Juni lilikuwa linawaka juu ya marumaru nyeupe mpaka macho yanauma. Hegstad alishuka ngazi chache, akageuka, akafungua mikono, akavuta pumzi, na hapo hapo askari akafika. Alikuwa dada mmoja kijana, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Mzee wangu, hotuba haziruhusiwi kwenye ngazi wala kwenye uwanja huu. Njia ya watembea kwa miguu, ile pale, huko hotubia mpaka jioni."

"Niliapa ngazi," Hegstad alisema.

"Na kanuni imeandikwa uwanja wote."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

Hegstad akamtazama Augusta kwa unyonge. Maandishi kwa maandishi, alikuwa amenaswa.

"Afande," Augusta akasema, "kabla hujamnyang'anya ngazi zake, hutamsikiliza kwanza? Leo asubuhi tu wamesema humo ndani."

Dada yule alikuwa ameshaisikia hukumu, maana siku kama hiyo habari hufika nje kabla ya watu. Akacheka hadi kofia ikampanda.

"Haya, nimemsikiliza. Sasa ashuke. Nitakuja kusikia huko huko."

Wakashuka. Njiani kulikuwa na watu waliokuja na mabango ya kesi nyingine, watalii, na mwalimu na wanafunzi wake wamekaa ukingoni wanakula soseji. Mzee mrefu mwenye joho la jaji si kitu cha kupita bila kutazama, wakaanza kusogea. Augusta akaketi juu ya ukuta mfupi.

"Imogen, mpe karatasi. Itafute kwenye simu yako. Atasomaje bila karatasi?"

"Karatasi ya nini?" Hegstad akauliza.

Akapangusa miwani kwa joho, akaivaa, ingawa mbele yake hapakuwa na cha kusoma, akaanza.

"Jaji Tregaskis, anayepinga. Emil Pokorny hakumwibia mtu. Alikuwa na kodiani moja, na kwa kodiani hiyo ameozesha nusu ya wilaya hii. Wilaya imeichukua, kisha imemwambia angoje."

Augusta akaacha kujipepea.

Hegstad aliendelea bila kusita, aya kwa aya. Aliitoa ile sehemu ya hati ya gari, na ile ya historia ambayo Augusta mwenyewe alikuwa ameisahau. Hata mahali alipotia utani kuhusu karani wa wilaya, utani ambao siku ile Hegstad aliuita wa kitoto, mzee alitua kidogo, akawaachia watu wacheke, nao wakacheka. Hukumu yote ilikuwa kichwani mwake. Mtu haishiki hukumu kwa moyo kwa kuipitia jana ndani ya ndege. Hiyo ilikuwa imesomwa mwaka baada ya mwaka, usiku mwingi, na mtu ambaye kila Alhamisi alimwambia haina maana. Augusta alihesabu wasomaji wake wote aliowangoja, wale wasiozaliwa, na kumbe mmoja alikuwa amekaa naye meza moja anakula pai yake.

"Toka lini?" alimkatiza kwa sauti. Hakuweza kujizuia.

"Usiingilie mahakama," Hegstad akajibu, na watu wakacheka tena. Kisha akasema, kwake peke yake: "Niliona umekosea kwa miaka kama mitano. Baada ya hapo niliona haya kukwambia. Halafu nikaona nikikwambia, Alhamisi tutaongea nini?"

Akainua sauti.

"Wenzangu sita wanasema Pokorny atasikilizwa baadaye. Baadaye ni lini? Harusi za Juni hazingoji Novemba. Mwezi huo kodiani itarudi, na maharusi watakuwa wameshaoana kimyakimya. Sheria inayomsikiliza mtu baada ya kumnyang'anya imesikia nini, zaidi ya kilio?"

Mwalimu wa wale wanafunzi alikuwa ameacha kutafuna. Dada askari alikuwa amefika, amesimama nyuma ya wote, mikono kifuani. Lilikuwa limebaki neno moja, na Augusta alilijua, na nukta yake. Alilingoja.

Hegstad hakulisema. Alisimama pale na joho lake, kola upande, jasho likimtiririka hadi kwenye kidevu, akamtazama Augusta, akangoja. Watu nao wakageuka kuangalia anamtazama nani.

Augusta akanyanyuka kwenye ukuta. Nyonga ya chuma ililalamika, hakuisikiliza. Akanyoosha suti yake ya bluu.

"Kwa heshima," alisema, akarudia kwa sauti zaidi ili asikike hadi kwa yule askari. "Kwa heshima, Thorvald, napinga."

Makofi yalianzia kwa wanafunzi. Hegstad alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Imechelewa sana hiyo," alisema.

"Imechelewa. Unaikataa?"

"Naipokea. Mtu hakatai kusikilizwa, hata baadaye."

"Ona sasa! Hiyo ndiyo hoja yako ya kodiani. Umeanza tena?"

"Leo si Alhamisi?"

Ilikuwa Alhamisi. Akampa mkono, wakavuka barabara kutafuta pai.